Swali Tusilowauliza Wagonjwa Wetu

Kila mwaka ifikapo Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa, sura ya Masasi na Newala hubadilika. Fedha iliyosubiriwa kwa miezi mingi huingia mikononi mwa wakulima ndani ya wiki chache, na nyuma ya fedha hiyo hufuata wafanyabiashara wa kila namna: wauza mabati, wauza pikipiki, wauza vitenge, na katikati yao kijana mwenye kipaza sauti na meza iliyopangwa chupa. Ndani ya chupa hizo mna vidonge, unga na maji ya rangi. Huuzwa kwa jina la virutubisho lishe, na kijana hunadi kwamba vinaongeza damu, vinasafisha figo, vinaondoa maumivu ya viungo na kurudisha nguvu za mwili na za ndoa. Kwa malipo kidogo ya ziada hukushikisha kifaa mkononi na kukusomea magonjwa yako yote kutoka kwenye kompyuta. Ukimuuliza juu ya usalama, jibu analo tayari: "Hivi ni vitu vya asili, havina madhara."

Nimefanya kazi ya tiba katika mkoa wa Mtwara kwa miaka kadhaa, na sina nia ya kumshitaki kijana huyo katika ukurasa huu. Anatafuta riziki. Ninalotaka kulisema linatuhusu zaidi sisi tunaovaa makoti meupe, na linawahusu wagonjwa wanaotuficha chupa zao kwa sababu tumewazoesha kutuogopa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Katika kliniki moja ya tiba na matunzo tulikuwa na mama wa makamo aliyekuwa akitumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa miaka mingi. Kadi yake ilikuwa ya kupigiwa mfano: hakukosa mahudhurio, na kipimo cha wingi wa virusi kilikuwa hakioni kitu. Kisha kipimo kimoja kikarudi kimepanda. Nikamkalisha, nikamsomea somo la ufuasi wa dawa tunalolijua wote kwa moyo. Akaniambia, "Nameza kila siku, daktari." Sikumwamini. Miezi mitatu baadaye kipimo kilikuwa bado juu, na mimi nikawa mkali zaidi. Mama yule alilia, akafuta machozi kwa ncha ya kanga yake, akaondoka.

Siku aliporudi tena nilikuwa na msongamano, akapokelewa na muuguzi mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Newala. Muuguzi hakugusa habari ya ufuasi. Alimwamkia, akamuuliza habari za korosho, za wajukuu, za miguu iliyokuwa ikimsumbua. Kisha akasema, "Mama, mbali na hivi vidonge vyetu, kuna kingine unachomeza nyumbani?" Mama akasita kidogo, halafu akafungua mkoba na kutoa chupa kubwa ya madini mchanganyiko: kalsiamu, chuma, zinki. Aliinunua msimu uliopita kwa ajili ya viungo. Alikuwa akimeza vidonge viwili kila usiku kabla ya kulala, tumbo likiwa tupu, pamoja na dawa yetu, kwa kuwa muuzaji alimwambia vikimezwa kwa wakati mmoja vitasaidiana.

Dawa tunayoitoa sasa nchini kwa watu wazima wengi wanaoishi na VVU ina dolutegravir ndani yake. Dolutegravir ikikutana na kalsiamu au chuma katika tumbo lisilo na chakula, hushikamana na madini hayo, na sehemu yake kubwa hupita bila kuingia kwenye damu. Mwongozo wa dawa hiyo uko wazi: imezwe saa 2 kabla ya madini au saa 6 baada yake, ama vyote vimezwe pamoja na mlo. Mama yule alikuwa mkweli. Alimeza kila siku, na kila siku dawa ilikuwa ikifungwa njiani. Mimi nilikuwa nimeusoma mwongozo huo. Nilichokosa ni kuuliza.

Neno "asili" ndilo lililomponza, nalo ndilo linaloponza wengi. Hata hivyo nikilitafakari naona ajabu kwamba neno hili liwadanganye watu wa Uwanda wa Makonde, kwa maana ni wachache nchini wanaojua vizuri kama wao kwamba kitu cha asili chaweza kudhuru. Muhogo mchungu umo mashambani mwao tangu enzi za mababu. Bibi yeyote wa Newala atakueleza kwamba muhogo huo una sumu, kwamba haukatwi na kutafunwa hovyo kama ule mtamu, na kwamba unga wake una taratibu zake. Taratibu zikifuatwa, ni chakula kinacholea kizazi baada ya kizazi. Zikikatizwa, hali huwa nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wa upungufu wa chakula, watu wa Masasi walipatwa na sumu kali ya muhogo uliosindikwa kwa haraka mno. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaonekana mkoani Mtwara ugonjwa wa konzo, unaokakamaza miguu ghafla na kumwacha mtu, mara nyingi mtoto au mama aliye katika umri wa kuzaa, akitembea kwa taabu maisha yake yote. Ugonjwa huo ulikuwa umeshaonekana Tarime mwaka 1985.

Konzo ina somo ambalo sijaona kitabu cha virutubisho kinacholifundisha vizuri zaidi. Sumu ile ile ya sayanaidi haiwapati wote kwa namna moja. Mwenye kula dagaa, mbaazi au nyama hupata protini yenye salfa, na mwili wake hutumia salfa hiyo kuivunja sumu na kuitoa kwenye mkojo. Asiye na protini hiyo hubaki nayo. Kwa hiyo muhogo mmoja, chungu kimoja, na watu wawili waliokaa kwenye mkeka mmoja, mmoja anapona na mwingine anapooza. Ukitaka kujua kama kitu ni salama, hutaishia kukiuliza kitu chenyewe. Utauliza ni kiasi gani, kimetayarishwaje, kimeliwa na nini, na mwili ulioupokea una hali gani.

Maswali hayo hayo ndiyo yaliyojibiwa kwa uchungu kisiwani Pemba. Mwaka 2002 ulianza utafiti mkubwa uliowahusisha watoto zaidi ya 24,000 wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35. Baadhi yao walipewa kila siku madini ya chuma na foliki asidi, kwa kipimo ambacho wataalamu duniani walikiona cha kawaida kabisa. Nia ilikuwa njema: upungufu wa damu ulikuwa umeenea, na chuma hujenga damu. Agosti 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yakasimamishwa. Watoto hao walikuwa wakifa au kulazwa kwa ugonjwa mkali kwa kiwango kilichozidi wenzao kwa asilimia 12. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria nyingi, na chuma cha ziada kwa mtoto asiyekihitaji kilikuwa hatari. Lakini walipoangaliwa kwa ukaribu watoto wachache waliopimwa damu tangu mwanzo, wale waliokuwa na upungufu halisi wa chuma walinufaika. Kidonge kimoja, watoto wa aina mbili. Kutokana na matokeo hayo Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake kuhusu chuma kwa watoto wa maeneo yenye malaria.

Dar es Salaam nako kulikuwa na zamu yake. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba vitamini B, C na E kwa wajawazito wenye VVU zilipunguza vifo vya watoto tumboni na uzito pungufu wa kuzaliwa. Habari hiyo ilisambaa na kutufurahisha, ila haikusambaa sana ile ya pili iliyotoka katika utafiti huo huo: vitamini A kwa wajawazito hao iliongeza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Baadaye, watu wazima 3,418 walioanza dawa za ARV jijini humo waligawanywa, wengine wakapewa vitamini kwa kiwango cha kawaida na wengine kwa kiwango cha juu. Mwezi Machi 2009 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Kiwango cha juu hakikuzuia vifo wala kuendelea kwa ugonjwa, na vipimo vya ini vya waliokipata vilikuwa vikipanda.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu mara nyingi nasikia wenzangu wakisema, "Mwache anywe, haitamdhuru." Sijui tunaitoa wapi hukumu hiyo. Imejaribiwa katika nchi yetu, kwa watoto wetu na wagonjwa wetu, ikaonekana si kweli.

Wala sisemi virutubisho ni adui. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mjamzito kliniki, vyenye chuma cha miligramu 30 hadi 60 na foliki asidi ya mikrogramu 400, ni kinga yenye ushahidi imara. Na kwa yule mama mwenye hofu ya malaria, utafiti mwingine wa Dar es Salaam ulitoa faraja: wajawazito wasio na upungufu wa damu waliopewa chuma hawakupata malaria ya kondo la nyuma zaidi ya wasiopewa. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wetu wa miezi 6 hadi 59 mara mbili kwa mwaka yana kazi yake, na zinki kwa mtoto anayeharisha, pamoja na maji ya ORS, hupunguza siku za ugonjwa. Vyote hivi vina kipimo, vina muda, na vina mtu anayevitolea hesabu. Shida huanza pale vinapoongezewa vingine gizani.

Chukua mjamzito wa kijiji chochote kati ya Masasi na Newala. Kliniki amepewa vidonge vyake. Mumewe, kwa mapenzi, amemnunulia dawa ya maji ya kuongeza damu. Dada yake wa mjini ametuma chupa ya vitamini mchanganyiko. Na katika duka la dawa muhimu amepata foliki asidi ya miligramu 5, kwa kuwa ameambiwa foliki ni nzuri kwa mtoto. Sasa ana chuma kutoka sehemu tatu, ndiyo maana anafunga choo, anachafukwa na moyo na kuona kinyesi cheusi, naye akiudhika sana huacha vyote, vikiwemo vya kliniki. Ana vitamini A ambayo hajui kiasi chake, ilhali vitamini A ikizidi katika miezi ya mwanzo ya mimba yaweza kumlemaza mtoto. Na hiyo foliki ya miligramu 5 ni zaidi ya mara kumi ya kiasi anachohitaji. Dawa ya SP tunayompa kuzuia malaria hufanya kazi kwa kumnyima kimelea foliki. Foliki nyingi namna hiyo humrudishia kimelea chakula chake, na kinga ya mama hulegea. Mkoa wetu bado una malaria. Sina hakika ni wauzaji wangapi wa maduka ya dawa wamewahi kuelezwa jambo hili, nami nakiri sikumbuki kulisisitiza kwa wanafunzi wangu kama inavyostahili.

Mgonjwa wa selimundu ni mwingine wa kuangaliwa. Damu yake ni pungufu daima, kwa hiyo macho ya watu humwona kuwa mteja wa kwanza wa dawa ya kuongeza damu. Lakini upungufu wake aghalabu hautokani na kukosa chuma. Seli zake huvunjika mapema na chuma chake hubaki mwilini. Akiongezewa damu mara kwa mara, chuma hulundikana hadi kwenye ini na moyo. Asipewe vidonge vya chuma mpaka vipimo vionyeshe kwamba ana upungufu nacho. Na mwenye kisukari anayetumia glibenclamide, akianza kunywa unga wa mlonge vijiko kadhaa kwa siku, atujulishe, kwani sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Majani ya mlonge kama mboga ni habari nyingine. Yapikwe na kuliwa kwa raha.

Jambo moja dogo kwa wazazi, nalo si dogo hata kidogo. Vidonge vya chuma vinafanana na peremende. Mtoto wa kilo 10 akimeza vidonge 10 vya miligramu 60 amepata miligramu 60 kwa kila kilo ya mwili wake, kiasi kinachoweza kumuua. Pakiti isiachwe dirishani wala chini ya mto. Akimeza, awahishwe hospitali hata kama anaonekana amepata nafuu baada ya kutapika, kwa kuwa sumu ya chuma ina kawaida ya kutulia kwa saa kadhaa kisha kurudi kwa nguvu.

Juu ya unga na vidonge vya maumivu ya viungo niseme kwa tahadhari. Uwanda huu una historia ya pekee katika maumivu hayo. Neno chikungunya, linalotumika leo katika hospitali za dunia nzima, ni la Kimakonde, lenye maana ya kile kinachopinda mtu, na lilitokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika wilaya hizi hizi za Newala na Masasi. Watu wanaolima korosho kwa jembe la mkono wana haki ya kuumwa magoti na kutafuta nafuu. Lakini bidhaa inayoitwa kirutubisho na kuondoa maumivu ndani ya saa moja inanitia shaka kuliko ile isiyofanya lolote. Duniani kote, bidhaa za namna hiyo zimekutwa mara nyingi zimechanganywa kwa siri na dawa halisi: steroidi na diklofenaki katika zile za viungo, sildenafili katika zile za nguvu za kiume. Steroidi ya siri hupandisha shinikizo la damu na sukari, na ikikatwa ghafla mwili huweza kuzimia. Sildenafili kwa mzee anayetumia dawa ya naitreti kwa ajili ya moyo yaweza kuwa usiku wake wa mwisho.

Wapo watakaoniambia kuwa udhibiti ni kazi ya Serikali. Ni kweli, na upo. Tangu mwaka 2019 masuala ya usalama wa chakula yalihamia Shirika la Viwango, TBS. Dawa ziko chini ya TMDA. Na dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Lakini mkulima aliyesimama mnadani hawezi kujua chupa iliyo mbele yake ni chakula, ni dawa au ni tiba asili, hasa ikiwa muuzaji anaitaja kwa majina yote matatu. Mimi mwenyewe huwa najiuliza. Ndiyo maana naona mlango ulio karibu zaidi naye ni chumba cha daktari, chumba cha muuguzi, dirisha la mfamasia.

Katika chumba hicho, namna ya kuuliza ni nusu ya tiba. "Unatumia miti shamba?" likitamkwa kwa sauti ya polisi, jibu litakuwa hapana. Yule muuguzi wa Newala alinifundisha kwamba swali liulizwe baada ya salamu zilizotimia, liulizwe bila kalamu mkononi, na liulize kila kinachoingia mdomoni: vya dukani, vya mnadani, vya kanisani, vya shangazi. Kisha mgonjwa aombwe kuleta chupa zenyewe siku ijayo. Chupa ikifika mezani, isitupwe mbele yake. Isomwe pamoja naye: kuna nini ndani, kiasi gani kwa siku, tarehe ya mwisho ya matumizi, namba ya usajili. Akikuambia kuwa amepata upele, macho ya njano, mkojo mweusi au mapigo ya moyo yanayokimbia tangu aanze kuitumia, aiache, apimwe ini na figo, na fomu ya njano ya TMDA ijazwe kama tunavyoijazia dawa nyingine yoyote. Katika miaka yangu yote ya kazi, fomu za namna hiyo zinazotaja kirutubisho nimeziona chache mno, na siamini kwamba ni kwa sababu madhara hayapo.

Lipo pia suala la fedha, ambalo madaktari hulionea haya. Nimewahi kuona chupa iliyonunuliwa kwa bei ya mifuko ya mbaazi, na ndani yake zinki na magnesi ambazo zimo ndani ya korosho aliyoiuza mwenye chupa wiki iliyotangulia. Simcheki. Ana imani kwamba kilichofungwa kwenye chupa kina elimu zaidi kuliko kilichoota shambani kwake, na imani hiyo hakuizua yeye.

Mama yule bado yuko kliniki kwetu. Tulimtenganishia saa, na baada ya miezi mitatu kipimo kilirudi chini; siwezi kuapa kwamba madini peke yake ndiyo yaliyokuwa chanzo, ila hatukubadili kitu kingine. Chupa yake hakuiacha. Tulimpima figo, tukaisoma lebo pamoja, tukaona kiasi chake hakizidi, basi sikumkataza. Huimeza asubuhi baada ya uji. Kidonge chetu humeza saa tatu usiku, na kila ajapo huniwekea chupa mezani kabla sijafungua mdomo, akasema, "Haya daktari, hii hapa, angalia."